Kabla ya Kumpelekea Mama Deki ya DVD

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, mabasi na malori yanayopanda uwanda wa juu wa Makonde huanza kubeba mizigo ambayo miezi mingine huonekana kwa nadra. Magodoro, mabati, baiskeli na maboksi ya vyombo vya umeme huelekea Masasi, Tandahimba na Newala, kwa kuwa mkulima aliyekwisha kulipwa fedha zake ni mteja anayekumbukwa na kila mfanyabiashara. Na yule mtoto wake afanyaye kazi Mtwara mjini au Dar es Salaam, hata kama hakupalilia mkorosho mmoja, hujiona hana budi kurudi nyumbani na kitu mkononi.

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, kitu hicho aghalabu kimekuwa deki ya DVD.

Wapo wasemao kwamba wakati wa deki umekwisha. Vijana wanatazama filamu katika simu, televisheni mpya zina tundu la fleshi, na ng'ambo nako mambo yamegeuka. Kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1998 kwa kuwapelekea wateja wake diski kwa njia ya posta, ilituma diski ya mwisho mwezi Septemba 2023. Hayo yote ni kweli. Lakini asemaye hivyo hajalifungua sanduku la mama yake.

Katika sanduku hilo, chini ya kanga zilizokunjwa, mna diski za harusi ya dada mkubwa, za sherehe ya mwali alipotoka unyagoni, na pengine ya siku ile babu alipokaa barazani akihadithia ukoo ulivyotoka ng'ambo ya Ruvuma. Diski hizo haziuzwi katika duka lolote. Hazimo katika intaneti. Mpiga picha aliyezitengeneza amekwisha kuhama mji au kufuta kumbukumbu zake zamani, na namba ya simu aliyoiandika juu ya kasha haipokelewi. Kwa hiyo anayekwenda dukani kumchagulia mama yake deki hachagui chombo cha starehe peke yake. Anaamua pia kama sauti ya babu itasikika tena au la.

Televisheni yenyewe ilichelewa kufika kwetu. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, tena cha picha za rangi, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kanda za video zilitangulia kituo. Watu walitazama filamu za Bombay, za Hong Kong na za Marekani katika mabanda ambayo mzaha wa mtaani uliyaita vibanda umiza, na mtu aliyeitwa Lufufu akajipatia sifa kubwa kwa kuzitafsiri filamu hizo kwa Kiswahili, na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Diski zilipofika, bei ya chombo ikashuka, na banda likahamia sebuleni. Filamu zetu wenyewe zikafuata: Girlfriend ya mwaka 2003, kisha mamia ya nyingine, hata marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, akawa uso unaojulikana mpaka katika vijiji ambavyo wimbi la televisheni lilikuwa halijafika. Mahali kama kata ya Chilangala, wilayani Newala, deki haikuwa msaidizi wa televisheni. Ndiyo iliyoipa televisheni kazi.

Anza na sanduku, si duka

Wanunuzi wengi huanza na sura ya chombo: kina taa ngapi, rimoti yake ina vitufe vingapi, rangi yake inalingana na kabati au hailingani. Afadhali kuanza na diski zenyewe. Mpigie simu mama, umwombe azitandaze mkekani akusomee kilichoandikwa juu yake.

Watu huziita zote "sidii", lakini si za jamaa moja. Kuna VCD, iliyoanza kutumika mwaka 1993, ambayo hubeba picha za dakika sabini na nne hivi. Ndiyo sababu filamu moja huja katika diski mbili. Kuna DVD, iliyouzwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1996, yenye upana uleule wa sentimita 12 lakini inayobeba zaidi ya mara sita. Kuna diski za muziki, na nyingine zilizosheheni nyimbo mia moja na zaidi za MP3. Deki zilizo nyingi husoma zote, lakini si kila moja, na wakati mwingine ni VCD kuukuu inayokataliwa na mtambo mpya wa fahari.

Tofauti iliyo kubwa zaidi haiandikwi juu ya kasha. Igeuze diski uutazame upande wa chini. Ikiwa ni ya fedha tupu, ilipigwa chapa kiwandani, na vijishimo vyenye picha vimo ndani ya plastiki yenyewe. Ikiwa upande huo una rangi ya zambarau au samawati, basi ilichomwa na mtu kwa kompyuta, na picha zake zimo katika utando mwembamba wa rangi uliounguzwa kwa miale ya leza. Rangi hiyo hufifia. Jua, joto na unyevu huimaliza mapema, na diski iliyotengenezwa kwa vifaa hafifu yaweza kufa katika miaka michache ilhali dada yake iliyotunzwa vizuri ikaishi miongo. Diski za harusi na za unyago karibu zote ni za aina hii ya pili.

Kwa hiyo tafuta juu ya boksi la deki alama za DVD-R, DVD+R na DVD-RW, pamoja na VCD na MP3. Chombo kisichozitaja hakifai nyumba hiyo, hata kama kinameta.

Wenye ndugu Uarabuni au Ulaya huletewa mtambo wa huko, na hapa pana mtego. Wenye viwanda vya filamu waliigawa dunia katika kanda zenye namba, ili diski ya upande mmoja isichezwe upande mwingine. Tanzania imo katika namba 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India. Oman, Dubai na Uingereza zimo katika namba 2 pamoja na Afrika Kusini. Marekani ni namba 1. Deki iliyofungwa kwa namba 2 itaikataa filamu ya namba 5. Diski ya harusi haina namba yoyote na itakubaliwa popote, lakini filamu iliyonunuliwa dukani yaweza kugoma, na mwenye nyumba akadhani ameuziwa diski mbovu. Tafuta chombo kinachosoma kanda zote. Huandikwa hivyo waziwazi, au kwa namba 0.

Deki iliyotoka Marekani ina shida ya ziada. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na ya Japani kwa volti 100, ilhali wa kwetu ni 230. Isipokuwa imeandikwa nyuma kwamba hupokea kuanzia 100 hadi 240, ukiichomeka bila kipunguza umeme utasikia mlio mmoja na kunusa harufu moja, na hapo umeagana nayo. Vilevile mfumo wa picha wa Marekani na Japani ni NTSC, na wetu ni PAL. Deki nyingi za siku hizi hubadilisha zenyewe, lakini ya zamani yaweza kukuonyesha harusi ya rangi kama harusi ya moshi.

Tundu na waya

Muulize mama ana televisheni gani. Kama ni ile ya chogo, deki itaunganishwa kwa waya tatu: wa manjano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti. Kama ni bapa ya miaka ya karibuni, yawezekana haina matundu hayo matatu kabisa. Ina tundu la HDMI, au kitundu kimoja chembamba kinachohitaji waya wa kuunganishia unaokuja na televisheni, ambao kwa kawaida hupotea wiki ya kwanza. Nimeona watu wazima wamekaa kimya mbele ya vyombo viwili vizima kabisa visivyoweza kusemezana. Nunua deki yenye njia zote mbili. Inagharimu zaidi kidogo, lakini siku mama atakapobadilisha televisheni, deki haitatupwa.

Tundu la fleshi ni jambo jema, ila lisikudanganye. Deki za bei nafuu husoma muziki na filamu zilizohifadhiwa kwa mitindo ya zamani; picha zilizopigwa kwa simu ya leo huzikataa, na skrini hukuambia tu kwamba hazifahamu. Nyingi hazikubali fleshi kubwa pia. Ya GB 8 au 16 ndiyo salama. Anayetarajia kumpelekea mama picha za wajukuu kutoka kwenye simu ajaribu hapo hapo dukani, kwa fleshi yake na picha zake.

Umeme ni habari nyingine. Mtwara ilianza kupata umeme wa gesi ya Mnazi Bay mwaka 2007, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi nguzo zimefika mahali ambapo zamani palikuwa na koroboi tu. Lakini umeme wa kijijini hupanda na kushuka. Kifaa cha kuulinda chombo dhidi ya mruko huo, ambacho mafundi hukiita stabilaiza, si anasa. Deki yenyewe haili sana, kiasi cha wati 10 au 15, chini ya balbu ya zamani. Mlaji ni televisheni ya chogo, ambayo yaweza kufika wati 80 na zaidi. Nyumba inayotegemea jua na betri isipelekewe deki ya kawaida. Ipo deki ndogo ya kubebwa mkononi, yenye kioo chake na waya wa volti 12, na hiyo huendeshwa kwa betri bila kigeuza umeme. Kioo ni kidogo, na watoto watasukumana. Lakini itawaka.

Deki ya kurekodi, na kwa nini usiinunue

Watu wenye kipato kizuri zaidi huulizia deki inayorekodi. Chombo hiki kilipendwa sana miaka ya 2000. Kilikuwa na uwezo wa kunasa kipindi cha televisheni juu ya diski tupu: saa moja kwa ubora wa juu kabisa, saa mbili kwa ubora wa kawaida, mpaka saa sita kwa picha yenye ukungu. Kilitegemea antena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Kinasa mawimbi kilichomo ndani ya deki hizo za zamani tangu hapo hakinasi kitu. Ukitaka kurekodi itakubidi uunganishe king'amuzi kwa zile waya tatu, uwashe vyote viwili, na ukeshe ukilinda asitokee mtu wa kubadilisha idhaa katikati ya taarifa ya habari.

Kwa matumizi ya kawaida, basi, sishauri mtu atoe fedha yake kwa deki ya kurekodi. Zinazopatikana ni kuukuu, na vipuri ni vigumu.

Ipo kazi moja tu ambayo kwayo chombo hiki bado kina thamani, nayo ni kuziokoa kanda. Familia zilizofunga harusi miaka ya 1990 zina kanda za VHS, zile kubwa nyeusi kama tofali. Funai ya Japani, iliyokuwa kampuni ya mwisho kutengeneza deki za kanda hizo, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Kila deki ya VHS iliyopo duniani ni kuukuu, na kanda nazo zinakauka na kuota ukungu, hasa katika nyumba za juu huku ambako mawingu ya asubuhi huingia mpaka ndani. Deki yenye mdomo wa kanda upande mmoja na mdomo wa diski upande wa pili huhamisha harusi nzima kwa muda uleule wa kuitazama. Kununua chombo hicho kwa ajili ya kanda tatu ni ubadhirifu. Lakini ukoo mzima unaweza kuchangiana, au kumtafuta fundi wa mjini anacho, kuzikusanya kanda zote za akina shangazi na akina mjomba, na kuimaliza kazi katika likizo moja.

Atakayeifanya kazi hiyo akumbuke jambo ambalo limeharibu jasho la wengi. Diski ikishajaa haijawa tayari. Sharti ifungwe kwa amri iliyomo katika orodha ya deki, na shughuli hiyo huchukua dakika kadhaa. Diski isiyofungwa huchezwa na deki ileile iliyoirekodi tu. Ukiipeleka kwa jirani, jirani ataona skrini tupu. Na deki ile ikifa kabla diski hazijafungwa, umepoteza vyote viwili. Tena usiridhike na diski moja. Toa nakala ya pili, na ya tatu iingizwe katika kompyuta au diski ngumu ya mtoto anayeishi mbali na wengine, ili moto au mchwa wa nyumba moja usimalize kila kitu.

Nitamke pia kwamba si kila kilichorekodiwa ni cha kutazamwa sebuleni. Ngoma za uwanjani, sindimba na mapiko, zilichezwa mbele ya watu wote. Yaliyofundishwa ndani ya unyago na jando yana wenyewe. Fundi anayekabidhiwa sanduku la diski aambiwe ipi ni ipi, na zile zenye shaka zikabidhiwe kwa mtu mzima wa ukoo azitenge kabla.

Dukani

Nenda na diski mbili kutoka nyumbani: moja iliyo nzuri, na moja iliyo mbovu kuliko zote. Muuzaji atakujaribishia kwa diski yake mpya inayong'aa, ambayo deki yoyote itaisoma. Wewe mpe ile yenye mikwaruzo. Itazame ikichezwa, kisha iruke mpaka mwisho, kwa kuwa diski huanza kusomwa ndani na kumalizia ukingoni, na udhaifu wa lenzi mara nyingi huonekana huko ukingoni, wakati bibi harusi anakata keki. Fungua na kufunga mdomo wake mara tano au sita. Sikiliza kama unakwama.

Dai risiti halali na karatasi ya dhamana yenye tarehe na mhuri. Pasipo karatasi, "ukipata tatizo rudi" ni maneno ya barazani, na kutoka Chilangala kurudi Kariakoo si safari ya kufuata maneno.

Ukiona deki kuukuu ya bei ya kutamanisha, muulize fundi kama imewahi kuongezwa nguvu. Wako mafundi ambao lenzi ikianza kuchoka huzungusha skrubu ndogo sana iliyoko ubavuni mwake, na miale ikapata ukali mpya. Deki itasoma kila kitu kwa majuma machache, kisha itakufa kabisa.

Kinachoua deki nyingi za uwanda huu kabla ya wakati wake ni vumbi. Barabara zetu nyekundu huingia ndani kwa kila dirisha, na upepo wa Newala, kama ajuavyo aliyewahi kusimama ukingoni pa Shimo la Mungu, haubishi hodi. Deki ifunikwe kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa; ikiwa inafanya kazi kitambaa kiondolewe, maana joto nalo linaua. Isiwekwe juu ya televisheni ya chogo, ambayo ni jiko dogo. Diski ikichafuka ifutwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu picha nyingi zilizofuatana. Zihifadhiwe wima ndani ya makasha yake, katika chumba ambacho bati halichomi.

Zisibandikwe karatasi, kwa sababu huzifanya ziyumbe zinapozunguka, wala zisiandikwe kwa kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu. Kalamu ya wino wa maji, yenye ncha laini, ndiyo ifaayo. Na kwa kuwa utakuwapo nyumbani siku deki itakapowashwa kwa mara ya kwanza, chukua daftari ukae karibu na mama. Kila uso unapopita mwulize ni nani, mtoto wa nani, anaishi wapi sasa. Andika dakika na jina. Yule mwenye shuka la bluu anayecheka nyuma ya wapiga ngoma, mama anamjua; wewe humjui, na diski haitakuambia.